Anayekufuata ana daftari

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha, nakaa Kibokoni, Mombasa. Nimepewa ukuta mmoja katika maonyesho ya vijana, na mada ni ufuatiliaji wa kidijitali. Juzi tulikuwa tukizungumza na shangazi habari za makochi, jioni matangazo ya makochi yakajaa kwenye simu yangu. Ni kweli simu zinatusikiliza? Nilifikiria kupiga picha kamera zote za CCTV za mjini, kisha katikati niweke jicho kubwa. Wasanii wengine wamelifanyaje jambo hili? Na mwenzangu mmoja ameniuma sikio kwamba hata mimi, kwa kupiga watu picha mtaani, ni mfuatiliaji kama hao hao. Ana haki? Nimekuambatishia picha zangu chache za mtaani uzitazame.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na makochi, maana hilo ndilo swali ninaloulizwa kila mahali, hata harusini.

Hofu yako haikutoka hewani. Simu ina maikrofoni, na ruhusa ya kuitumia tumewagawia wenye programu sisi wenyewe, kwa kubonyeza "kubali" bila kusoma. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu za Android zaidi ya 17,000 wakitafuta jambo hilo hasa. Hawakuona ushahidi wa programu inayowasha maikrofoni kwa siri na kupeleka mazungumzo nje. Walichokuta ni kingine, nacho hakikuvuma mitaani kama uvumi wa maikrofoni: baadhi ya programu zilikuwa zikipeleka kwa kampuni za nje picha na hata video ya skrini, yaani vile mtu anavyobonyeza na kuandika.

Makochi basi yalifikaje? Kuwasikiliza watu wote mchana kutwa ni kazi ya gharama. Sauti ni nzito, inakula bando na betri, na mwenye simu angegundua. Ipo njia nyepesi zaidi. Huenda shangazi alikuwa ameangalia makochi mtandaoni tangu asubuhi. Mlikuwa nyumba moja, waifai moja, na namba ya kila mmoja imo kwenye simu ya mwenzake. Anayeuza matangazo hahitaji kusikia neno hata moja. Anachotaka kujua ni kwamba hawa wawili hukaa pamoja, na mmoja wao anatafuta kochi; huyo wa pili hakosi kuwa na la kusema juu ya rangi.

Watu hujitetea kwamba hawana la kuficha. Siri zao hakuna aliyeziuliza. Kinachokusanywa ni mwendo: uliamka saa ngapi, ulilala wapi, umemtumia nani pesa, umeitazama picha ipi kwa muda gani kabla ya kuipita. Na mwendo una sura ya mtu. Mwaka 2013 watafiti walichukua kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 wa nchi moja ya Ulaya, zilizofutwa majina na namba, wakajiuliza inahitajika kiasi gani cha habari kumchomoa mtu mmoja kutoka humo. Pointi nne tu za mahali na saa zilitosha kuwatambua asilimia 95 ya watu. Nne! Nyumbani, kazini, msikitini siku ya Ijumaa, na kwa mama mkwe Jumapili.

Ndiyo maana jicho lako kubwa silipendi. Kamera zipo na zina kazi, sikatai. Nairobi na Mombasa zilifungiwa mtandao wa kamera za polisi kwa mkataba wa mwaka 2014 kati ya serikali na Safaricom, na polisi wa Uganda walithibitisha mwaka 2019 kwamba mfumo wao, ulionunuliwa kwa Huawei, umegharimu dola milioni 126. Lakini jicho limeshachorwa kwenye kila bango la kila kongamano. Tena linampotosha mtazamaji: anatoka ukumbini akiangalia juu ya nguzo, na huku anayemwandika yumo mfukoni mwake.

Ukitaka taswira ya kwetu, ipo, na ina umri wa miaka mia. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, na nafasi za kujazwa na mwajiri. Ameanza kazi lini, analipwa nini, ameachiwa lini. Karatasi ilitiwa ndani ya kikebe cha bati, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Asiyekuwa na saini ya kuachiwa kazi alihesabiwa mtoro, akasakwa. Mshahara aliopewa na tajiri wa jana, tajiri wa leo aliusoma kwanza, ndipo akataja wake. Harry Thuku, mwanaharakati aliyeupinga ukoloni, alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyokuwa akiyapinga, na watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiwe walimiminiwa risasi.

Humo hamkuwa na kamera hata moja. Mtu alifungwa na habari zake mwenyewe, zilizoandikwa na mwingine, zikasomwa na mwingine, naye akazibeba shingoni bila uwezo wa kuzifuta. Kisha akajifunza kunyamaza mbele ya mwenye kalamu, kwa sababu saini ilikuwa mkononi mwa huyo huyo. Hapo ndipo ninapotaka utazame. Kuonwa peke yake kunanishughulisha kidogo. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mtu akishajua anaandikwa, huanza kuishi kwa ajili ya daftari.

Angalia programu za mikopo. Zilipoingia Kenya, nyingi ziliomba kusoma meseji, kumbukumbu za simu na orodha nzima ya majina, zikapima kwa hayo kama unakopesheka. Ukichelewa kulipa, meseji zikawafikia bosi wako, jirani yako, hata mtu uliyemhifadhi kwa jina la "fundi bomba" na hujampigia miaka miwili. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza kampuni moja ya mikopo shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu namna hiyo, na mwaka huo huo Google ikazipiga marufuku programu za mikopo kwenye duka lake kusoma orodha ya majina na picha za mkopaji. Vizuri. Ila tazama lililobaki kwa watu. Kuna wanaotumiana shilingi 500 ile ile, huku na huku, ndugu kwa ndugu, ili laini ionekane ina shughuli na kiwango chao cha Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kiongezeke. Kuna wanaomiliki laini mbili, moja ya maisha na moja ya kuonyesha. Hao hawajalazimishwa na yeyote. Wameng'amua tu kinachopendwa na mashine, au wanadhani wameng'amua, maana kanuni zenyewe hazijawahi kubandikwa ukutani.

Sanaa nayo haikusalimika, na hapa ningependa ukae zaidi kuliko kwenye kamera. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. YouTube humwonyesha mwenye chaneli mchoro wa sekunde kwa sekunde, watazamaji walipoondoka. Msanii akishauona mchoro huo mara moja, hawezi kujifanya hakuuona. Kabla hata TikTok haijafika, mtafiti mmoja katika chuo kikuu cha Marekani alipima nyimbo zilizoshika nafasi za juu nchini humo kati ya mwaka 1986 na 2015, akakuta kipande cha ala kinachotangulia sauti kimepungua kutoka zaidi ya sekunde 20 hadi takriban tano. Sasa linganisha na taarab ya wazee wetu, ambapo fidla na ganuni hupewa nafasi yao, watu wakatulia, wakajitengeneza vitini, ndipo mwimbaji akafungua kinywa. Taarab ya namna hiyo ikipelekwa leo kwenye simu, mchoro utasema imekufa kabla ya kuanza. Mchoro hautasema uongo. Utakuwa umepima kitu kingine tu.

Wala usiwacheke wanamuziki. Nenda kwenye ukurasa wako mwenyewe ukahesabu picha za milango ya Mji wa Kale. Ngapi ni za wima? Mtaa wenyewe haukubadilika. Ni kioo cha simu kilichokuelekeza usimame wapi. Mimi nikitazama kazi za vijana wengi wa sasa naweza kubahatisha mwaka zilizopigwa kwa umbo la fremu peke yake.

Sasa wasanii wenyewe. Nitakutajia wachache niwapendao, na mmoja nitamkalia kidogo.

Hasan Elahi, Mmarekani aliyezaliwa Bangladesh, alizuiwa uwanja wa ndege wa Detroit mwaka 2002 kwa kushukiwa ugaidi, kisha akahojiwa na FBI kwa miezi. Hawakumkuta na kosa. Badala ya kujificha akageuza kibao: akaanza kujifuatilia mwenyewe na kuyaweka yote hadharani mtandaoni, mahali alipo, chakula alichokula, choo alichoingia, kitanda alicholalia, makumi ya maelfu ya picha. Na katika picha hizo humwoni mtu. Unajua kila alipokwenda, humjui yeye. Ni kazi yenye kejeli kali, japo kadiri miaka inavyokwenda makali yake yanapungua, kwa sababu siku hizi kila mtu anafanya vile bila kuulizwa na FBI.

Simon Weckert alitembea barabarani Berlin akivuta mkokoteni uliojaa simu 99, zote zimewashwa ramani ya Google. Video ya kazi hiyo ilitoka mwaka 2020. Ramani ikaona magari mengi yanakwenda taratibu, ikaipaka barabara tupu rangi nyekundu ya foleni. Hamali mmoja na mkokoteni wake! Mombasa hatuna uhaba wa mikokoteni, lakini usiige, imeshafanywa.

Joy Buolamwini, mtafiti na mshairi mwenye asili ya Ghana, alianza na jambo dogo: programu ya kutambua nyuso haikuuona uso wake mpaka alipovaa barakoa nyeupe. Utafiti alioufanya na Timnit Gebru, uliotoka mwaka 2018, ulipima mifumo mitatu ya biashara ya kutambua jinsia kwa uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7. Naye akayatungia shairi la video. Mpiga picha wa Pwani aijue kazi hii, kwa sababu inatukumbusha kwamba daftari lenyewe linaona vibaya, na wanaoandikwa kwa makosa ni sisi.

Wapo pia wanaobuni mitindo ya nywele na rangi za uso za kuichanganya mashine. Zinapendeza ukutani. Usimwambie mtu zitamkinga, mifumo imeshasonga mbele.

Ninayetaka umsome kwa makini ni Jill Magid. Mwaka 2004 alikaa Liverpool, Uingereza, siku 31, kwa sababu polisi wa mji ule walihifadhi mikanda ya kamera siku 31 kabla ya kuifuta, isipokuwa mtu akiiomba. Alivaa koti jekundu aonekane kwa urahisi, akawapigia simu walinzi wa kamera kuwaambia yuko wapi, na siku moja akafumba macho akawaacha wamwongoze mitaani kwa sauti ya sikioni. Sheria ya Uingereza ilimpa kila mtu haki ya kuomba kumbukumbu zinazomhusu kwa kujaza fomu. Akajaza fomu 31, moja kwa kila siku, na pale panapotakiwa maelezo ya tukio akaandika kama anavyoandika mtu kwa mpenzi wake. Ofisi ikalazimika kumjibu kwa kumpa picha zake. Yaani alichukua karatasi kavu kuliko zote, fomu ya serikali, akaitia roho, na sheria ikamfanyia kazi ya upigaji picha.

Na wewe unayo fomu hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje na ya kuipata, na kanuni za mwaka 2021 zinampa anayeishika siku 7 kukujibu. Tanzania nao wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kama utataka kumshirikisha mwenzio wa Tanga. Andika barua: kwa kampuni yako ya simu, kwa benki, kwa programu uliyowahi kukopa, kwa jengo lenye kamera unalopita kila siku. Nataka kila mlichoandika kunihusu. Tundika barua ukutani, na kando yake jibu. Asiyejibu, tundika fremu tupu yenye tarehe uliyompelekea. Mimi ningezitazama fremu tupu kwa muda mrefu zaidi.

Sambamba na hizo, chukua taarifa yako ya M-Pesa ya mwezi mmoja. Piga *334# au ingia kwenye programu yao, itakujia kwa barua pepe. Isome polepole kabla ya kufikiria sanaa yoyote. Utamwona binti fulani: anayenunua bando usiku wa manane, anayempelekea mama pesa tarehe ile ile, aliyeacha ghafla kumtumia mtu fulani mwezi wa tatu. Usiichapishe ilivyo. Ina majina ya watu wengine ambao hawakukupa ruhusa. Ichore upya: kila muamala nukta moja, mahali pake pa saa na siku. Ningekuwa wewe ningeitoa kama kanga, nukta zikiwa mjini, tarehe kwenye pindo. Mafundi wa michoro ya kanga hutawakosa, anza kuulizia Biashara Street. Jina la kanga nakuachia, hilo ni lako, lakini lisiwe la kuwahubiria watu wawe waangalifu.

Huenda utauliza kama sheria hizi zina meno. Zina meno ya polepole. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, kupigwa picha za mboni na mashine za Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, wakilipwa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya karibu shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo Agosti mwaka huo. Amri ya Mahakama Kuu ya kufuta data hiyo ilikuja Mei 2025. Miaka miwili kasoro, na mboni haibadilishwi kama neno la siri. Siwalaumu waliopanga foleni, shilingi 7,000 ni kodi ya chumba.

Nimebaki na mwenzako aliyekuuma sikio. Ana haki, nusu. Picha ya mtu anayetambulika ni data binafsi, na ukiiweka kwenye mkusanyiko wako wenye tarehe na mahali, umefungua daftari lako dogo. Kifungu cha 52 cha sheria ile ya Kenya kinatoa nafuu kwa kazi za habari, fasihi na sanaa, lakini kwa masharti, likiwemo kwamba una sababu ya kuamini kuchapishwa kwake kuna manufaa kwa umma. Nafuu hiyo haikufuati kwenye biashara: siku utakapouza uso wa muuza kahawa kwenye kadi ya posta au tangazo la hoteli, unahitaji ridhaa yake ya wazi. Septemba ile ile ya 2023, ukumbi mmoja wa starehe Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Kuna na jambo la kiufundi ambalo wapiga picha hulisahau. Faili ya picha hubeba ndani yake saa, aina ya kamera, na ikiwa GPS imewashwa, mahali hasa uliposimama. Mwaka 2012 tajiri John McAfee, aliyekuwa akiwakimbia polisi wa Belize, alijulikana yuko Guatemala kwa sababu waandishi waliokuwa naye waliweka picha mtandaoni bila kufuta habari hizo. WhatsApp huziondoa ukituma kama picha ya kawaida. Ukituma kama dokumenti zinakwenda zote. Zima mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kumpiga mtu mlangoni kwake, na yale mafaili ya zamani yasafishe kabla ya kumkabidhi mwandaaji wa maonyesho.

Katika picha ulizoniambatishia, zile za wazee wa barazani ziko salama ukirudi kuwaonyesha na wakaridhia. Zile mbili za watoto wa madrasa siku ya Maulidi, zenye nyuso wazi na jina la madrasa ukutani, zitoe kwanza. Nenda kwa wazazi na fomu fupi ya Kiswahili inayosema picha itatundikwa wapi, kwa muda gani, na kama itawekwa mtandaoni, wabaki na nakala yenye namba yako. Akikataa hata mzazi mmoja, hiyo picha haitundikwi.